Maumivu ya Kinena kwa Wanawake: Je, Yaweza Kuwa Ngiri?

Watu wengi huihesabu ngiri kuwa maradhi ya wanaume. Kwa hiyo mwanamke anayelalamika maumivu ya kinena mara nyingi huambiwa kuwa ana chango, akapewa dawa ya kutuliza, na miaka ikapita. Dhana hiyo ni ya hatari.

Ngiri ni nini? Ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo. Kinenani zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza iko juu ya kano ya kinena, nayo ndiyo ipitwayo na ngiri nyingi, kwa wanaume na kwa wanawake. Ya pili iko chini ya kano hiyo, kando ya mishipa mikubwa ya damu iendayo pajani. Ngiri ya njia hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Tundu lake ni jembamba na kingo zake ni ngumu. Utumbo ukinaswa humo hukosa damu, na waweza kufa katika muda wa saa chache.

Mbona haionekani? Kwa mwanamke ngiri yaweza kuwa ndogo hata uvimbe usishikike, ikajulikana kwa maumivu tu. Maumivu hayo huzidi anapobeba ndoo ya maji, anapokohoa au kusimama sana. Hupungua anapolala chali. Picha ya mawimbi ya sauti iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala yaweza kuikosa. Yafaa ipigwe pia akiwa amesimama au amekaza tumbo.

Hata hivyo, si kila maumivu ya hapo ni ngiri. Yanayozidi wakati wa hedhi yaweza kutokana na endometriosi, yaani tishu zifananazo na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake. Yanayozidi wakati wa kutembea yaweza kutoka katika kiungo cha nyonga.

Basi mgonjwa na aandike daftarini siku za maumivu, kazi aliyokuwa akiifanya, siku za hedhi, na kilichompa nafuu. Maelezo hayo humwongoza daktari katika kuchagua kipimo. Picha isipoonyesha kitu, haina maana kwamba mgonjwa haumwi. Yaonyesha tu kwamba uchunguzi haujakwisha.

Lakini uvimbe mgumu wa kinena usiorudi ndani, wenye maumivu makali na kutapika, usingojwe hadi kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.