Nguvu, Uzito na Shamba la Sumaku: Kiswahili cha Kasongo mbele ya fizikia ya mwaka wa kwanza

Tuanze na sentensi tatu ambazo hakuna mtu wa Kasongo wala Kabambare atakayeuliza maana yake:

(1) Tia nguvu, baiskeli isirudi nyuma.
(2) Betri imeisha nguvu.
(3) Jenereta hii ina nguvu kuliko ile.

Mwalimu wa fizikia akizisikia atahesabu dhana tatu. Ya kwanza ni ile ambayo vitabu vyake vya Kifaransa huiita «force», ya pili ni «énergie», ya tatu ni «puissance». Kila moja ina kizio chake: nyutoni, juli, wati. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayezichanganya hapiti mtihani wa mekanika. Msemaji wa Kiswahili, lakini, anazo zote tatu mdomoni na hajawahi kuzichanganya, kwa sababu kitenzi na mazingira ya sentensi humwambia ipi ni ipi. Nguvu ya (1) hutiwa, ya (2) huisha, ya (3) hulinganishwa. Nguvu ya kusukuma haiwezi kuisha kama ya betri ilivyoisha. Mtu huacha tu kuitia.

Hapo ndipo penye kazi yetu sisi wa lugha, na naona tumeikimbia. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili hakina istilahi za fizikia, kisha tunafungua orodha. Orodha zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na humo na katika vitabu vilivyofuata tunapata kani, nishati, mchapuko, kanieneo. Ni maneno mazuri. Lakini mpe mwanafunzi wa kusini mwa Maniema neno «kani» na umempa neno geni la pili juu ya lile la Kifaransa. Kama analijua, analijua kwa maana ya ukaidi: mtu aliyeshikilia kani.

Tumtazame mwanafunzi huyo. Nyumbani huenda wanasema Kibangubangu ikiwa ni Kabambare, au Kikusu au Kizimba ikiwa ni upande wa Kasongo. Sokoni ni Kiswahili. Darasani ni Kifaransa, lugha rasmi ya nchi kwa katiba ya 2006, ambayo inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Mtihani wa serikali ameufanya kwa Kifaransa. Akitaka lisansi ya fizikia, huenda akasafiri hadi Bukavu, Lubumbashi au Kinshasa, na huko atakutana na mekanika, umeme, joto na hesabu za kalkulasi, zote kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia kupanda mlima.

Nasema kupanda mlima kwa makusudi. Chukua neno «travail», kazi. Katika fizikia, kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Mtu anayesukuma baiskeli yenye mabidoni ya mawese, jumla kilo 100, akipanda mlima wenye kimo cha mita 30, anaifanyia baiskeli kazi ya 100 × 9.8 × 30, yaani juli 29,400, tukiacha msuguano. Akifika katikati akasimama, akaizuia isiteremke, anatokwa na jasho, mikono inatetemeka, na kazi anayoifanyia baiskeli ni sifuri. Mwambie mtu huyo kwamba hafanyi kazi! Atakasirika, na hasira yake ni mwanzo wa kuielewa dhana: amegundua kwamba fizikia imelichukua neno lake na kulibana. Mwanafunzi anayesikia «le travail est nul» hakasiriki. Anaandika, anakariri, anapata alama. Neno halijagongana na kitu chochote maishani mwake. Nadhani baadhi ya tunaowaita wazuri katika fizikia ni watu ambao maneno yao hayajagongana na kitu.

Wafaransa wenyewe wanagongana nalo, maana «travail» kwao pia ni kibarua na jasho. Kwa hiyo tatizo si umaskini wa Kiswahili. Kila sayansi hukopa maneno ya mtaani na kuyabana, na anayejifunza kwa lugha yake huhisi ule mbano.

Mlima uleule unatupa «puissance». Aliyepanda kwa dakika 10 na aliyepanda kwa dakika 30 wamefanya kazi sawa, juli 29,400 kila mmoja, lakini wa kwanza ametoa wastani wa wati 49 na wa pili wati 16 hivi. Mtu anayechajisha simu kwa paneli ya jua anaujua ubia huo kwa njia yake. Paneli ya wati 50 ni kasi ya kuingiza; kinachobaki kwenye betri jioni ni jambo lingine, na akikosea kati ya hayo mawili wateja wataondoka na simu zilizozimika.

Neno «zito» ni gumu zaidi, na linanivutia zaidi. Uliza swali la mtihani: kati ya mawese na maji, kipi kizito? Mwanafunzi anaweza kujibu mawese, na atakosa. Kiswahili lakini hakijakosa. Uji ni mzito, asali ni nzito, mawese ni mazito: hapa zito ni ugumu wa kutiririka, dhana ambayo fizikia inayo kwa jina la «viscosité». Mwanafunzi huyohuyo ameona mawese yakielea juu ya maji tangu utoto. Mama yake akibeba bidoni la lita 20 anajua kwamba la maji, kilo 20, linamwelemea kidogo zaidi kuliko la mawese, lisilofika kilo 19. Maarifa yapo, kilichokosekana ni swali lililotengwa vizuri. Likiulizwa «bidoni lipi litakuchosha?», jibu litakuwa sahihi.

Dhana ya tatu iko machimboni. Namoya, katika eneo la Kabambare, ni jina la dhahabu. Anayeosha mchanga katika karai anasema dhahabu ni nzito, ndiyo maana inabaki chini maji yakipeleka mchanga. Lakini karai la mchanga lina uzito kuliko chembe ya dhahabu mara elfu kadhaa. Anachosema ni kwamba sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ni gramu 19.3, na ya mchanga wa kwatzi ni gramu 2.65. Vitabu huita msongamano au densiti. Mchimbaji huita zito, na karai lake halimdanganyi.

Wala upimaji kwa Kiswahili si mgeni Kasongo. Kabla ya jeshi la Dhanis kuuteka mji mwaka 1893, Kasongo ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya Tippu Tip na wenzake, na pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16 moja. Biashara ile ilikuwa na unyama wake, na waliobeba pembe hizo wengi hawakuwa huru. Hata hivyo mizani ilisomwa kwa Kiswahili kabla Kifaransa hakijafika.

Zoezi ninaloleta kwa wenzangu wa tafsiri ni hili. Msitafute kisawe. Chukueni ukurasa mmoja wa mekanika, na kwa kila dhana andikeni sentensi mbili ambazo mtu wa soko la Kasongo angezisema bila kufundishwa: moja ambamo neno lake linakubaliana na fizikia, na moja ambamo linapingana nayo. Pelekeni kwa mwanafunzi wa fizikia azisahihishe.

Mtakwama, natumaini, kwenye «champ magnétique». Tanzania husema uga sumaku. Anayetafsiri kwa haraka ataandika «shamba la sumaku», na darasa litacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikatawanya vumbi la chuma juu ya karatasi yenye sumaku chini yake, nikaliona likijipanga mistari kwa mistari, kila chembe ikielekea upande wa mahali ilipoangukia. Sijaamua bado kama nirudi kwenye uga.