Magamba ya Ngozi Yasiyo Ukoma

Kuna ugonjwa wa ngozi unaowatenga watu bure. Huonekana viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani. Ngozi hunenepa, huwasha, hufunikwa na magamba meupe. Juu ya ngozi yetu nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, na kucha huwa na vishimo vidogo kama zimechomwa sindano. Waganga wa hospitali huuita soriasisi. Majirani huuita ukoma, na mgonjwa hunyimwa sahani, kitanda, hata kikombe cha Meza ya Bwana.

Soma Walawi 13. Kuhani hakuhukumu kwa haraka: alitazama, akangoja siku 7, akatazama tena. Baka la ukoma mara nyingi lina ganzi. Ukiligusa kwa pamba, mtu hasikii. Baka la soriasisi husikia. Lakini usijipime nyumbani ukaishia hapo, njoo utazamwe. Hata ukoma wenyewe siku hizi huponywa, kwa vidonge vya miezi 6 au 12, bila malipo.

Soriasisi haiambukizi. Haitoki kwa uchafu, wala kwa mlozi. Mwili huotesha ngozi mpya upesi mno, nayo hurundikana. Dawa ya kuimaliza kabisa haijapatikana, ila yaweza kutulizwa, hata mtu akakaa miezi mingi na ngozi safi. Nasema wazi, maana wauzaji wa sokoni huahidi vingine.

Toka Ubundu hata Kisangani ni kilomita 125 hivi, na safari ni ngumu. Basi anza na vilivyo karibu. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Usisugue magamba kwa jiwe. Ngozi iliyojeruhiwa huota mabaka mapya. Kabla haijakauka, paka vazelini, asubuhi na jioni, kila siku. Kaa juani kidogo wakati wa asubuhi, bila kuungua.

Isipotosha, mganga atakupa mafuta yenye asidi ya salisili ya kulainisha magamba, au mafuta ya lami iliyosafishwa, au mafuta ya kotikoidi. Haya ya mwisho yana nguvu. Yapakwe membamba, juu ya baka tu, kwa majuma uliyoambiwa. Mafuta mengi ya kung'arisha ngozi yana dawa hiyo hiyo ndani. Mama anayejipaka mwili mzima kwa miezi huharibu ngozi yake. Vidonge au sindano za dekisametazoni usinunue kabisa: ngozi husafika upesi, lakini ukiacha ugonjwa waweza kurudi kwa ukali kuliko mwanzo.

Kwa ugonjwa mkubwa iko metotreksati. Hunywewa mara moja tu kwa juma. Wako watu waliokufa kwa kuinywa kila siku! Chagua siku, tuseme Jumatatu, uiandike ukutani. Mwenye mimba asiiguse. Wanaotaka mtoto, mume kwa mke, waseme kwanza kwa mganga. Mwenye kunywa lotoko aache, maana vyote viwili huumiza ini. Damu ipimwe kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye.

Viungo vikivimba na vidole kukaza asubuhi, usingoje, maana ugonjwa huu huharibu viungo pia. Ngozi ya mwili mzima ikiwaka pamoja na homa, mlete mgonjwa hospitalini siku ile ile, hata usiku.