Palizi ya Bustani za Umma ni Sadaka

Limekuwa likiulizwa katika darasa zetu swali hili: mtu akitoa mali yake kuwasaidia watu wanaojitolea kufyeka magugu na kutunza miti katika bustani ya umma, je, mali hiyo huhisabiwa kuwa ni sadaka, au ni mchango wa kidunia tu, mfano wa ule unaotolewa kwa ajili ya mpira?

Jawabu lake si zito. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa aliyepanda mti hupata thawabu kwa kila kiumbe kinachokula katika mti huo, awe mtu, ndege au mnyama, na kuondoa udhia njiani amekuhisabu kuwa ni tawi la imani. Basi bustani wanamopumzika wazee na kucheza watoto, ambayo hapana aulizwaye mlangoni ni wa dini gani wala kabila gani, haiwezi kukosa kuwa ni mlango wa kheri. Ila jambo moja yapasa lifahamike: mali hiyo haitolewi katika zaka. Zaka ina wenyewe, mafungu manane yaliyotajwa katika Suratu Tawba, na jamhuri ya maulamaa hawakuihisabu bustani katika hayo. Mwenye kutaka kuitengeneza bustani na atoe katika sadaka yake ya khiari, au aweke wakfu.

Lakini si hukumu ya kutoa tunayotaka kuidurusu leo, bali ni kule inakokwenda hiyo mali. Desturi iliyoenea katika miji yetu ni kuchangia siku ya kupanda. Siku hiyo huletwa miche, hutolewa hotuba, hupigwa picha, kila mkubwa hushika jembe kwa dakika mbili, kisha watu hurudi makwao. Mche uliopandwa kabla ya kaskazi usiopata wa kuutia maji hufa kabla ya masika. Ule ulionusurika na jua huzongwa na magugu. Na hapana aliyechanga hata senti moja kwa ajili ya maji wala palizi, kwa sababu palizi haina hotuba wala picha. Hapo mtu yampasa aitazame nia yake kwa makini.

Na tuutazame Msitu wa Karura ulioko Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000. Wengi wanakijua kisa cha Profesa Wangari Maathai na wenziwe, waliopigwa mwezi wa Januari 1999 walipokuwa wakiutetea msitu huo usigawiwe wajenzi. Walio wachache wanayajua yaliyofuata. Msitu uliookolewa haukuwa mzima: mahali pengi palikuwa pamejaa mikaratusi ya kigeni, chini yake pameota lantana, na watu walikuwa wakiogopa kuingia kwa sababu ya wezi. Likaundwa kundi la wananchi, Marafiki wa Msitu wa Karura, wakashirikiana na idara ya serikali ya misitu. Kwa michango ya watu ukazungushwa ua wa umeme, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa umma. Ndipo ilipoanza kazi isiyokuwa na sifa, ya kung'oa lantana na kurudisha miti ya asili.

Lantana ni kijiti chenye maua mazuri ya rangi mbili tatu katika shada moja. Asili yake ni Marekani ya joto, nacho kililetwa kuwa pambo la bustani. Ndege hula matunda yake wakaitawanya mbegu. Ng'ombe akila majani yake hudhurika. Ukikikata kwa panga kikabaki kisiki, huchipua upya. Lazima king'olewe na mizizi yake, kisha mtu arudi msimu ujao, na ule wa baada yake, kwani mbegu zimo ardhini zikingojea. Na palipong'olewa pasiachwe wazi; pasipopandwa mti wa asili upesi, gugu jingine hupakalia. Sisi wa pwani tunao mtihani kama huo, na hatupendi kuusikia: mwarobaini, tunaousifu kwa dawa zake, ni mgeni kutoka Bara Hindi, na ndege wamezichukua mbegu zake mpaka katika vichaka na misitu ya kaya, unakoibana miti ya asili. Anayeung'oa mche wa mwarobaini chini ya mbuyu hakuidharau dawa.

Atauliza mtu: ikiwa wafanyao kazi hii wamejitolea, fedha ni za nini? Ni za majembe, masururu, mikasi ya kupogolea, glavu, wilbaro na maji ya kunywa. Na juu ya hayo yote, ni za mshahara wa mtu mmoja mjuzi wa mimea. Watu thelathini wenye nia njema wasiokuwa na wa kuwaongoza wataing'oa miche ya mkwaju pamoja na magugu, na bustani itaharibika kwa nguvu za waliokuja kuitengeneza.

Jambo hili walilifahamu vizuri watu wa New York. Bustani yao ya Central Park, yenye eka 843, ilijengwa kwa ramani ya Olmsted na Vaux iliyoshinda mwaka 1858. Katika miaka ya 1970 hazina ya mji ilikauka, watunzaji wakapunguzwa, majani yakageuka vumbi. Mwaka 1980 likaundwa shirika la wananchi, Central Park Conservancy, likiongozwa na Elizabeth Barlow Rogers. Baadaye bustani yote ikagawanywa vipande 49, kila kipande kikapewa mtunzaji wake anayejulikana, na wanaojitolea wakafanya kazi chini ya uongozi wake. Gugu likionekana hapana wa kusema si langu. Na mwaka 2012 tajiri John Paulson alipotoa dola milioni 100, nusu yake iliwekwa iwe rasilimali, yatumike mapato yake.

Aliyesoma fikihi hataona jipya hapa. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar aliizuilia asili yake isiuzwe wala isirithiwe, akatoa sadaka mazao yake, na akamruhusu msimamizi ale kwa wema. Hatuna haja ya kufuata njia zao za kuzalisha mali, zisije zikaingiwa na riba. Kodi ya duka moja lililowekwa wakfu yaweza kumlipa mtunzaji mwaka baada ya mwaka, hata wachangaji wakichoka.

Na wala tusiige kila walilofanya. Bustani iliyozungukwa na matajiri hupata wachangaji wengi, na kiwanja kidogo cha mtaa wa mafukara hakipati kitu. Lawama hiyo imesemwa huko New York kwenyewe. Mwenye shilingi zake akiwa na khiari, sisi twaona bora azipeleke pale watoto wasipokuwa na kivuli kingine.

Limebaki suala la masharti. Maulamaa wameliwekea sharti la mwenye wakfu uzito mkubwa, na amana ya sadaka yenye kusudio ni karibu na hiyo: mali iliyotolewa kwa palizi haifai kujengewa lango, ingawa lango laonekana zaidi. Kwa hivyo mtoaji na aandike kusudio lake katika risiti, kwa mfano "palizi na maji, kaskazi mbili", na kamati iandike katika daftari lake maneno yayo hayo.