Hodi kwa Mtu Mashuhuri: Ya Kufanya na ya Kukoma

Meza za uhariri hazikosi ujumbe wa aina hii: "Naomba namba ya fulani." Fulani ni mwanamuziki, mwanariadha, mtunzi wa riwaya, pengine sheikh au mchungaji. Namba za watu hatugawi. Tunachoweza kugawa ni masharti, maana wengi wanaolalamika kwamba watu maarufu wana maringo wamewaandikia kwa namna ambayo hata ndugu zao wa tumbo moja wasingejibu. Shabiki hamdai msanii kitu zaidi ya ile kazi aliyoilipia. Kama hilo linakuuma, ishia hapa.

Usitume "Mambo" ukakaa kungoja. Wala "Upo?", wala mkono unaopunga. Mtu asiyekujua hawezi kujibu salamu mia kwa siku ili tu ajue kila mmoja anataka nini. Salamu na haja yako viende pamoja, katika ujumbe mmoja. Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo. Kama ni wa rika lako, "habari za kazi" inatosha. Profesa muite Profesa na Bibi muite Bibi mpaka mwenyewe akwambie vingine. "Bro" na "mamii" waachie unaokula nao.

Usipige simu. Oktoba 2021, simu kutoka Stockholm ilipomfikia Abdulrazak Gurnah nyumbani kwake Uingereza, mzaliwa huyo wa Zanzibar alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha. Kumbe anaambiwa ameshinda Nobel ya fasihi. Sasa wewe, kwa namba isiyojulikana, saa tatu usiku, unatarajia kupokelewa kwa imani ipi?

Andika, na mistari miwili ya mwanzo iseme wewe ni nani na unafanya nini. Srinivasa Ramanujan alipomwandikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge, Januari 1913, alijitambulisha alivyo: karani wa hesabu katika ofisi ya bandari ya Madras, mshahara wake kama pauni 20 kwa mwaka, elimu ya chuo kikuu hana. Umaskini wake aliutaja kwa neno moja tu. Alichotaka alikisema waziwazi, kwamba kama kazi yake ina thamani angependa ichapishwe, na kurasa za kazi hiyo akaziambatanisha. Wataalamu wengine wa Uingereza walikwisha kuandikiwa na hawakumsaidia. Hardy alikaa na mwenzake Littlewood wakazipitia zile kurasa, na mwaka uliofuata karani yule alikuwa Cambridge. Hebu pima barua hiyo na zile kurasa tatu za historia ya mateso ambazo mwisho wake mwandikiwa bado hajui anaombwa nini.

Nenda na kazi mkononi. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Juni 1962, Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Chinua Achebe alikuwepo, miaka minne tangu Things Fall Apart itoke. Mwanafunzi mmoja wa hapo hapo chuoni, James Ngugi, alikuwa akimtafuta yeye hasa. Angeweza kumwomba picha. Angeweza kumweleza kwamba na yeye tangu utotoni ana ndoto ya kuandika. Yeye alimpelekea mswada uliopigwa taipu, bado mbichi, akaomba usomwe. Achebe aliusoma, akatoa mapendekezo, na kupitia kwake ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann. Weep Not, Child ilitoka 1964, na mwanafunzi yule ndiye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. 

Tazama alivyofanya. Mahali palikuwa pa kazi, na Achebe alikuja pale kuzungumza vitabu. Kazi ilikuwepo, inashikika. Ombi lilikuwa moja, na lilikuwa na mwisho: soma. Linganisha na "naomba unishike mkono" na "nitoe kimaisha". Akushike mkono gani, akupeleke wapi? Mwenye kuombwa hivyo hana pa kuanzia hata akiwa na moyo wa kusaidia, na wengi wanao.

Ombi liwe dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulitimiza akiwa amekaa kwenye foleni ya magari. "Sikiliza dakika ya kwanza ya wimbo huu uniambie kama sauti imezama" ni ombi. "Tufanye kolabo" si ombi, ni mradi wa kibiashara, na una mlango wake kwa meneja. Usimtumie nyimbo kumi na mbili bila kuulizwa; bando anayelinunua ni yeye.

Taja kitu kimoja cha kweli katika kazi yake. "Nimesoma vitabu vyako vyote" huandikwa zaidi na ambao hawajamaliza hata kimoja. Aliyesoma Paradise, au Peponi katika tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, anaweza kuuliza kwa nini mwishoni Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Swali hilo peke yake limekwisha kumtambulisha kuliko sifa ishirini. Ukiona huna la kuuliza, shukuru kwa sentensi mbili uishie hapo. Barua ya shukrani isiyoomba kitu ni adimu, na ndiyo wanayoitunza.

Mfano, kwa wanaopenda mifano: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, Muheza. Tulisoma shairi lako juma hili, na darasa limegawanyika: nusu wanasema yule mzee wa ubeti wa mwisho amekufa, nusu wanasema amelala. Ukipata nafasi, tuambie. Usipopata, ubishi wenyewe umetufaa." Kwisha. Barua kama hiyo inasomwa kabla chai haijapoa, na haimfungi mtu kamba shingoni.

Usichanganye msanii na mtumishi wa umma. Kwa mbunge, diwani au waziri huombi hisani, unafuata huduma. Huko andika kwa cheo. Kwa wizara za Tanzania barua huelekezwa kwa Katibu Mkuu. Weka tarehe na kichwa cha habari, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, na ukumbushie bila haya. Ajabu yetu ni kwamba tunamwandikia waziri kwa sauti ya shabiki, "tunakukubali sana mheshimiwa", halafu tunamgeukia mwimba taarabu kwa ukali wa mlipa kodi.

Kwa wengine wote, hodi ni mara tatu. Ndivyo Pwani tulivyolelewa: kimya kikizidi, mgeni hurudi bila kununa na bila kuchungulia dirishani. Ujumbe wa kwanza, wa pili baada ya wiki kadhaa, na wa tatu kama una jambo zito kweli. Kuchungulia dirishani ni kuvizia saa aliyoonekana hewani kisha kumwandikia "nimeona umesoma, unajidai". Kimya chake ni jibu, na halina deni.

Usimfuate msibani. Nalisema peke yake kwa sababu limekuwa ugonjwa: mtu anamzika mama yake, na shabiki amejipenyeza kati ya waombolezaji na simu juu, anataka selfi. Hospitali, msikitini na kanisani, hukumu ni ile ile. Mgahawani akiwa na chakula mdomoni, subiri. Akiwa na watoto wake, pita kwa salamu ya mbali.

Na watoto hao, pamoja na mke, mume na wazazi, usiwaandikie kabisa. Baada ya mkimbiaji wa maratoni Kelvin Kiptum kufariki katika ajali ya gari Februari 2024, watu mitandaoni walimzushia Eliud Kipchoge kwamba alihusika, wakamwandama kwa matusi na vitisho. Mwaka huohuo Kipchoge aliieleza BBC jinsi alivyohofia usalama wa wanawe wanapokwenda na kurudi shuleni. Huyu ndiye aliyekimbia maratoni Vienna kwa saa 1:59:40 mwaka 2019 na kushangiliwa dunia nzima. Wengi waliomtukana, naamini, walikuwa miongoni mwa waliomshangilia. Mapenzi ya aina hiyo usiyapeleke kwa mtu.

Hakikisha unayemwandikia ndiye. Alama ya bluu peke yake haitoshi siku hizi: Twitter, ambayo sasa inaitwa X, ilianza kuiuza kwa malipo ya mwezi mwishoni mwa 2022, na mwaka uliofuata Facebook na Instagram nazo zikaanza kuiuza. Anzia kwa mchapishaji, kwa chama cha mchezo wake, au kwa anwani iliyochapwa kwenye kazi yenyewe. "Meneja" akikutaka utume "ada ya usajili" kwa M-Pesa ndipo uonane naye, umeshaingia mkononi mwa tapeli. Sauti ya mwenyewe kwenye simu nayo isikuhadae, kwa kuwa kompyuta inaiiga.

Hata akiwa ndiye, hajawa malaika. Akikuita hotelini usiku kwa "mazungumzo ya kazi", usiende, awe na jina kubwa namna gani. Kazi huzungumzwa mchana, mahali penye watu, na mtu wako wa karibu awe anajua ulipo. Aliye chini ya miaka 18 asiende bila mzazi. Anayekasirishwa na sharti hilo amekurahisishia uamuzi.

Akijibu "Asante", jibu limefika. Usimrudishie aya nne. Usipige picha ya skrini ukaibandika kwenye status, kwani amekuandikia wewe. Ukitaka watu waione, mwombe ruhusa. Usiigeuze hiyo "Asante" kuwa ngazi kwa kuwaambia wengine kwamba "tunawasiliana". Na akikubali kuisoma kazi yako, mtumie kurasa alizokubali, siku mliyopatana, bila nyongeza. Akisema sura ya pili imelegea, usiitetee siku hiyohiyo. Mshukuru, kaa nayo, iandike upya. Mswada wa pili usiutume mpaka auombe.