Sura ya Tisa: Ugonjwa wa Kisukari

Katika sura iliyotangulia ulijifunza jinsi chakula kinavyosagwa na kunyonywa na damu katika utumbo mwembamba. Sasa utajifunza jinsi mwili unavyoitumia sukari itokanayo na chakula hicho, na mambo yanayompata mtu ambaye mwili wake umeshindwa kuitumia.

Kiu mbili

Uwanda wa juu wa katikati ya nchi yetu ni mahali pakavu. Katika mkoa wa Dodoma mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ardhi hukauka, na kufikia Oktoba upepo hubeba vumbi tupu. Mwanafunzi wa Bahi au Chamwino anaporudi nyumbani saa 8 mchana huwa na kiu. Hunywa kata moja au mbili za maji ya mtungini, na kiu humwisha. Maji yaliyotoka mwilini kwa jasho yamerudishwa.

Sasa mfikirie mwanafunzi mwingine. Yeye hunywa kata tatu, na baada ya muda mfupi hutaka nyingine. Huomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara kabla ya mapumziko. Usiku huamka kukojoa, na pengine amerudia kukojoa kitandani ingawa aliacha tangu alipokuwa mdogo. Hula sana, lakini nguo zake zinampwaya. Darasani husinzia. Watu wengine watasema ni jua la Oktoba. Wengine watasema ni malaria au minyoo, na wengine watasema amelogwa. Wakati watu wazima wanabishana, mtoto huyo anazidi kuwa mgonjwa, na asipotibiwa anaweza kufa kabla ya majuma mengi kupita.

Je, utazitambuaje kiu hizi mbili? Mtu mwenye kiu ya jua hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa njano iliyokolea. Mtu mwenye kiu ya kisukari hunywa sana na pia hukojoa sana. Ikumbuke tofauti hii, kwa maana hata watu wazima wengi hawaijui.

Sukari katika damu

Jaribio la 1. Chukua kipande kidogo cha ugali usio na mboga. Kitafune kwa muda wa dakika mbili bila kukimeza. Ladha yake imebadilikaje?

Bila shaka umeona kwamba ugali umeanza kuwa mtamu. Mate yako yameanza kuuvunja wanga ulio katika ugali na kuufanya uwe sukari. Kazi hiyo humalizikia katika utumbo mwembamba. Uwele, mtama, mahindi, mchele na viazi vyote vina wanga, na wanga wa vyote hatimaye huwa sukari iitwayo glukosi. Kwa hiyo mtu ambaye hajaonja sukari ya dukani hata siku moja bado ana sukari katika damu yake, na ni lazima awe nayo. Sukari hiyo ndiyo inayompa nguvu za kulima, kukimbia na kufikiri.

Damu huichukua glukosi na kuipeleka katika chembe hai za mwili. Lakini glukosi haiwezi kuingia vizuri katika chembe za misuli mpaka pawepo kitu cha kuifungulia njia. Kitu hicho huitwa insulini. Hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Ifikirie insulini kama ufunguo. Damu ni barabara, glukosi ni mzigo, na chembe hai ni nyumba iliyofungwa.

Pengine utashangaa kujua kiasi cha sukari kilicho katika damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na katika damu hiyo yote kabla ya kula kuna gramu 5 hivi tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Sasa piga hesabu. Soda nyingi zenye sukari zina gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 35, ambazo ni vijiko saba vya chai. Mtu akiinywa chupa hiyo, kongosho lenye afya hutoa insulini haraka, na sukari hiyo huingizwa katika misuli na kuwekwa akiba katika ini. Baada ya muda damu hurudi katika hali yake.

Kama insulini haipo, au kama haifanyi kazi yake, mzigo hurundikana barabarani. Damu hujaa sukari, huku chembe hai zikiwa na njaa. Mafigo hujitahidi kuitoa sukari iliyozidi, nayo hutoka pamoja na mkojo. Lakini sukari haitoki peke yake. Huvuta maji mengi kutoka mwilini. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa hukojoa sana, na kwa kuwa hukojoa sana, huwa na kiu. Mwili uliokosa sukari ya kutumia huanza kuyeyusha mafuta yake na hata misuli yake, na ndiyo maana mgonjwa hukonda hata akila sana.

Watu wa kale waliuona ugonjwa huu ingawa hawakujua kongosho lina kazi gani. Waganga wa India waliandika zamani sana kwamba sisimizi hukusanyika mahali alipokojoa mgonjwa wa namna hii. Hata hapa kwetu wako wazee wanaoitaja dalili hiyo. Lakini wewe usiwangoje sisimizi. Siku hizi tone moja la damu kutoka kidoleni hutosha, na jibu hupatikana kwa muda mfupi tu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikirudiwa kikawa hivyo hivyo, mtu huyo ana kisukari.

Jinsi insulini ilivyogunduliwa

Mwaka 1889 wanasayansi wawili wa Ulaya, Joseph von Mering na Oskar Minkowski, walimwondoa mbwa kongosho lake. Mbwa huyo akaanza kukojoa mara nyingi, na mkojo wake ulipopimwa ulikutwa una sukari. Hivyo watu wakajua kwamba kongosho ndilo linalozuia kisukari. Hata hivyo, ilipita miaka mingine zaidi ya 30 bila dawa. Mtoto aliyepatwa na kisukari alinyimwa chakula ili sukari isizidi katika damu, akaishi kidogo kwa njaa, kisha akafa.

Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kupata insulini kutoka katika makongosho ya mbwa. Mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda sana, alidungwa dawa hiyo. Sindano ya kwanza haikumfaa sana kwa sababu dawa ilikuwa na uchafu. Mwenzao aitwaye James Collip akaisafisha, na mvulana akadungwa tena siku chache baadaye. Sukari ikashuka, nguvu zikarudi. Leonard Thompson aliishi miaka mingine 13. Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, sasa ni Siku ya Kisukari Duniani.

Aina mbili za kisukari

Kisukari cha aina ya kwanza huwapata hasa watoto na vijana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea na kuziharibu chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Mtoto huyo hakukosa jambo lolote. Hakupata ugonjwa kwa kula peremende, wala hakuambukizwa, wala hakulogwa. Mpaka sasa hakuna njia ya kuizuia aina hii. Ni lazima mgonjwa adungwe insulini kila siku maisha yake yote, na akifanya hivyo anaweza kusoma, kucheza mpira na kulea watoto wake kama watu wengine.

Kisukari cha aina ya pili ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, hasa watu wazima. Kongosho bado hutoa insulini, lakini haitoshi, au chembe hai zimeacha kuitii. Aina hii huja polepole, na mtu anaweza kuwa nayo miaka kadhaa bila kujua. Wenye ndugu au wazazi wenye kisukari wamo katika hatari zaidi, na vilevile wenye mafuta mengi tumboni na wasioutumikisha mwili. Aina hii mara nyingi inaweza kuzuiwa.

Jina la ugonjwa huu limewapoteza watu wengi. Wako wanaodhani kwamba asiyetia sukari katika chai hawezi kupata kisukari. Sivyo. Mtu anayekula chakula kingi kuliko kazi anayofanya hunenepa, kiwe chakula hicho ni sukari, wali au chipsi, na unene huo ndio huizuia insulini kufanya kazi yake.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa watu pungufu ya 1 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 au zaidi. Uchunguzi wa mwaka 2012, uliofanywa nchi nzima, ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizi mbili hazilingani kabisa, kwa sababu ya kwanza ilihusu vijiji tu na iliwahesabu vijana pia. Hata hivyo, ongezeko ni kubwa mno kuweza kupuuzwa.

Utunzaji wa insulini mahali penye joto

Insulini huharibika kwa joto na kwa jua kali, na pia huharibika ikiganda kuwa barafu. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika jokofu lenye joto la nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi. Chupa inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa majuma manne hivi ikiwa mahali hapo hapana joto kali. Lakini nyumba nyingi vijijini hazina jokofu. Wafanyeje? Hapa ukavu wa Dodoma, ambao hutupa taabu katika mambo mengi, hutusaidia.

Jaribio la 2. Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiweze kuingia ndani ya kingine. Jaza mchanga kati ya vyungu hivyo, kisha umwagie maji mpaka uloane. Weka kipimajoto ndani ya chungu kidogo na ukifunike kwa kitambaa kilicholoana. Weka vyungu kivulini, mahali penye upepo. Weka kipimajoto cha pili kando yake. Soma vipimajoto vyote viwili saa 4 asubuhi, saa 6 mchana na saa 8 mchana, na uandike vipimo katika daftari lako.

Utaona kwamba ndani ya chungu kuna ubaridi zaidi. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la chungu. Hewa ikiwa kavu, mvuke hutoka upesi na ubaridi huongezeka. Rudia jaribio hili mwezi wa Januari, siku ya mvua, na ulinganishe vipimo. Chungu hakifanyi kazi ya jokofu sawasawa, lakini huisaidia chupa inayotumika isipatwe na joto la mchana.

Kujikinga na aina ya pili

Vyakula vya asili vya uwanda wetu ni vyema: ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde, karanga, maziwa. Nafaka isiyokobolewa hubaki na makapi yake, nayo hufanya sukari iingie katika damu polepole. Unga wa sembe umeondolewa makapi hayo. Dona ni bora. Ubuyu ulioutoa mwenyewe katika tunda la mbuyu ni chakula kizuri, lakini ubuyu mwekundu unaouzwa katika vipakiti umetiwa rangi na sukari nyingi. Zabibu za Dodoma ni tamu na zina sukari yake, basi kula kichala kimoja, usile kikapu. Kiu ikatwe kwa maji.

Kazi ya mwili ina faida ya pekee. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi kutoka katika damu hata insulini ikiwa kidogo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umekuwa mkubwa, na watu wengi hukaa ofisini kutwa na kurudi nyumbani kwa gari au bodaboda. Jirani zao wa vijijini hutembea mbali kuteka maji. Hatusemi kwamba taabu ya maji ni jambo jema. Lakini mtu aliyepumzishwa taabu hiyo hana budi kutafuta mwendo mwingine: kutembea, kucheza, kulima bustani.

Kisukari kisichotunzwa huharibu macho, mafigo na mishipa ya fahamu. Mgonjwa anaweza kukanyaga mwiba wa mgunga asisikie maumivu, na kidonda kikaoza kabla hajakiona. Kama babu au bibi yako ana kisukari, mwombe ruhusa umtazame nyayo kila jioni. Macho yako ni mazuri kuliko yake. Mhimize pia avae viatu.

Kama mwenzako anadungwa insulini, jua jambo moja zaidi. Akichelewa kula au akicheza sana, sukari yake inaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatokwa jasho la baridi, na pengine atasema maneno yasiyoeleweka. Wakati huo mpe maji yenye sukari au soda mara moja, kisha umwite mwalimu. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze ubavu na ukimbilie msaada.

Maswali

1. Kwa nini mtu mwenye kisukari hukojoa sana? Kwa nini hukonda ingawa hula?
2. Mjomba wako anasema, "Mimi sitii sukari katika chai, basi siwezi kupata kisukari." Utamjibuje kwa adabu?
3. Chupa ya soda ya mililita 500 ina vijiko vingapi vya sukari, ikiwa kijiko kimoja ni gramu 5?
4. Je, chungu cha Jaribio la 2 kingefaa zaidi Dodoma au Dar es Salaam? Toa sababu.
5. Mdogo wako amerudia kukojoa kitandani na hunywa maji usiku kucha. Utawaambia nini wazazi wako, nao wampeleke wapi siku hiyo hiyo?