Mawese ya Kalangala, Kahawa ya Kabazi: Kilimo Endelevu Kinaanza na Rekodi

Wakulima wa Wadi ya Kabazi, Kaunti Ndogo ya Subukia, hawalimi michikichi. Hata hivyo, sheria inayobana mafuta ya mawese katika soko la Ulaya inabana kahawa pia. Kwa hiyo yaliyowapata wakulima wadogo wa mawese yana funzo kwao.

Yaliyotokea Kalangala

Katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala nchini Uganda, michikichi ilianza kupandwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano wa serikali, kampuni binafsi na mfuko wa IFAD wa Umoja wa Mataifa. Mpango ulikuwa hekta 10,000: 6,500 za kampuni na 3,500 za wakulima wadogo. Wakulima walipata miche, mbolea na mikopo kupitia shirika lao, na wengi wakaanza kupata pesa kila mwezi.

Ugumu ulikuwa katika usimamizi. Sehemu za msitu wa kisiwa zilikatwa. Sheria ya Uganda inataka mita 200 kutoka Ziwa Victoria ziachwe bila kulimwa, lakini si kila mmoja aliizingatia. Baadhi ya migogoro ya ardhi ilifika mahakamani. Kampuni moja ni rahisi kukagua. Mamia ya mashamba madogo, kila moja na mwenyewe, si rahisi.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inahusu bidhaa saba: mawese, kahawa, kakao, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Bidhaa haitapokelewa ikiwa imetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Ni lazima pia iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi yake. Tarehe ya kuanza kutekelezwa imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria haijafutwa.

Kila shamba linatakiwa kujulikana lilipo kwa vipimo vya GPS. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani takriban ekari 10, linahitaji nukta moja tu. Kubwa zaidi ya hapo huchorwa mipaka yake yote.

Hatari iko wapi?

Iko kiwandani. Kahawa ya wakulima wengi humenywa na kuoshwa pamoja. Ikiwa mmoja ameleta kahawa kutoka ardhi iliyokatwa msitu, au shamba lake halijulikani lilipo, mzigo wote unaweza kukataliwa. Vivyo hivyo kwa mwanachama anayepitisha kahawa ya jirani kwa jina lake: anaweza kudhani anamsaidia, kumbe anaharibu rekodi ya chama kizima.

Tatizo jingine ni hati. Mashamba mengi yamegawanywa kwa watoto na wajukuu huku hati ikibaki kwa jina la marehemu babu. Familia inajua mpaka uko wapi, karatasi haijui.

Mkulima afanye nini?

1. Ahakikishe jina lake, nambari ya uanachama na idadi ya mibuni vimeandikwa sawasawa kwenye chama cha ushirika.
2. Aulize kama shamba lake limepimwa kwa GPS, na apewe nakala ya rekodi hiyo.
3. Atunze risiti za kahawa yote anayopeleka kiwandani.
4. Asilime kwenye ukingo wa mto wala ndani ya misitu ya serikali kama Subukia na Bahati. Kanuni za mwaka 2009 zinataka asilimia 10 ya shamba iwe na miti.
5. Familia ianze mapema shughuli ya urithi wa ardhi.

Jukumu la vyama na kaunti

Kwa Katiba ya 2010, kilimo kiko mikononi mwa kaunti. Gharama ya kupima mashamba isimwangukie mkulima mwenye nusu ekari peke yake; upimaji wa pamoja kupitia chama ni nafuu zaidi. Nao wanachama wana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: rekodi zetu ziko wapi, na ni nani anazitunza?