Somo: Kuhakiki Faili la Ushahidi

Huenda siku moja ukarekodi kwa simu wizi wa mifugo mpakani, kisha ukaikabidhi video hiyo kituoni. Kesi itakaposikilizwa baada ya miezi kadhaa, mshtakiwa aweza kudai kwamba video imehaririwa. Atajibiwa nini?

Jibu huandaliwa siku ile ile ya makabidhiano. Video ihamishwe kwa waya hadi kwenye kompyuta. Katika mfumo wa Linux, fungua dirisha la amri, uandike:

sha256sum tukio.mp4

Katika Windows, andika:

certutil -hashfile tukio.mp4 SHA256

Kompyuta italisoma faili lote na kutoa alama yenye herufi na tarakimu 64. Alama hiyo iandikwe katika hati ya makabidhiano, wewe na askari mtie saini, na kila mmoja abaki na nakala. Siku ya kesi, amri irudiwe. Alama zikilingana, faili ni lile lile. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, limebadilika.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, usiipitishe video WhatsApp kabla ya kuikabidhi, kwa kuwa huko hubanwa, na alama yake hubadilika. Pili, alama haithibitishi kuwa yaliyorekodiwa ni kweli; huonyesha tu kuwa hayajaguswa tangu ilipochukuliwa. Kwa hiyo ichukuliwe mapema, mbele ya mashahidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ushahidi nao ni mali.